Mji Uliojengwa na Kungoja: Namna Nyingine ya Kuisoma Mombasa

Kuna mzaha ambao kila mwanafunzi wa Pwani ameshausikia chuoni, hasa muhula wa kwanza. "Nyinyi watu wa Mombasa mnapenda kukaa tu. Kahawa, baraza, stori." Anayesema hucheka, anayeambiwa naye hucheka, mambo yakaisha. Lakini mzaha huu una historia ndefu kuliko wengi wetu tunavyodhani, na una gharama. Makala hii inajaribu kuujibu kwa njia ya somo.

Tulivyofundishwa sekondari, historia ya Mombasa ni orodha: Waajemi na Waarabu walikuja, Wareno wakaja, Waomani wakawatoa Wareno, Waingereza wakaja, uhuru ukapatikana. Orodha hiyo inasaidia kupita mtihani. Tatizo lake ni kwamba inatuambia nani alitawala, haituambii mji uliishi vipi. Mtu anaweza kuikariri yote na bado asijue kwa nini Mswahili wa Mvita anaita kanga "leso", au kwa nini kuna msikiti wa karne ya 16 karibu na ngome ya Mreno.

Basi hebu tubadilishe kipimo. Badala ya kuuliza "nani alitawala bandari?", tuulize: chombo kikifika kilikaa muda gani, na katika muda huo nani alikula, nani alijifunza, nani alioa? Ukiuliza hivyo, historia ya Mombasa inageuka kuwa historia ya kungoja.

Upepo ndio uliokuwa ratiba

Mwambao wa Afrika Mashariki una pepo mbili kuu. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, takriban kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi. Kusi huvuma kutoka kusini, kuanzia Aprili hadi Septemba hivi. Kwa chombo cha matanga, hizi zilikuwa ndizo tiketi. Majahazi ya Oman, Ghuba, Hadhramaut na Bara Hindi yalikuja na kaskazi, yakiwa na tende, papa mkavu, vitambaa, mazulia na vyombo vya udongo. Yalirudi na kusi, yakiwa na pembe za ndovu, nafaka, na boriti za mikoko ambazo miji ya Ghuba isiyo na miti ilizitumia kuezekea nyumba.

Angalia jambo lililo katikati. Nahodha akifika Januari na kumaliza biashara yake kwa wiki mbili, hawezi kuondoka. Upepo wa kumrudisha bado. Na kusi ikipamba moto, katikati ya mwaka, bahari huchafuka kiasi kwamba wenye busara husubiri tena. Kwa hiyo mamia ya wanaume wenye mali, ujuzi na lugha zao walikaa mjini kwa wiki na miezi, si kwa kupenda ila kwa sababu Mungu ndiye mwenye upepo.

Wareno wenyewe, waliokuja na mizinga, waliushindwa upepo huo. Vasco da Gama alifika Mombasa Aprili 1498, hakupokewa vizuri, akaenda Malindi ambako alipewa rubani. Aliondoka kusi inaanza, akavuka hadi Bara Hindi kwa chini ya mwezi mmoja. Wakati wa kurudi hakungoja kaskazi ikomae. Safari ileile ikamchukua karibu miezi 3, mabaharia wake wakafa kwa wingi, na alipofika mwambao wetu mapema 1499 ilibidi ateketeze merikebu yake moja kwa kukosa watu wa kuiendesha. Sasa nani alikuwa mvivu hapo: aliyekaa barazani akiusoma upepo, au aliyekimbilia baharini wakati usio wake?

Waliongoja waliacha nini

Mtu akikaa miezi mjini anahitaji vitu. Anahitaji pa kulala, chakula, maji, mahali pa kuswali, ghala la kuwekea bidhaa, mtu wa kumwamini. Chombo chake nacho kinahitaji kukokwa ufukoni, kutiwa kalafati na kupakwa deheni ili kisile maji. Kila hitaji ni kazi kwa mwenyeji. Maseremala, washona matanga, wapishi, wauza maji, madalali, walimu wa Kurani, wote waliishi kwa msimu.

Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alipita Mombasa mwaka 1331 akielekea Kilwa. Alieleza kisiwa cha watu wacha Mungu, wa madhehebu ya Shafii, wenye misikiti ya mbao iliyojengwa vizuri, wanaokula ndizi na samaki, na ambao nafaka yao huletwa kutoka kwingine. Neno hilo la mwisho lina uzito. Mombasa haikujilisha yenyewe hata wakati huo. Ilitegemea uhusiano, na uhusiano hauna njia ya mkato.

Upande wa bara uhusiano huo ulikuwa na Wamijikenda. Wao ndio walioleta nafaka, pembe na sandarusi, na wao ndio walioitwa mji ulipovamiwa. Waswahili wa Mombasa wenyewe walijipanga katika Thenashara Taifa, yaani mataifa kumi na mawili: Thelatha Taifa, ambao ni Wakilindini, Watangana na Wachangamwe, na Tisa Taifa, ambamo wamo Wamvita, Wajomvu, Wakilifi, Wamtwapa, Wapate, Wafaza na wengineo. Soma majina hayo polepole. Mengi ni majina ya mahali. "Ukoo" wa mji huu ni ramani ya watu waliotoka sehemu mbalimbali za mwambao wakaja, wakalowea, wakawa wenyeji.

Kulowea ni neno zuri. Leo tukisema "walowezi" tunawaza wazungu wa mashamba ya bara. Lakini mlowezi kwa asili ni mtu yeyote aliyekuja akakaa moja kwa moja. Mabaharia wengi waliokuja kungoja upepo waliishia kuwa mashemeji.

Na lugha ilirekodi kila kitu. Bandari na nahodha yana asili ya Kiajemi. Forodha ni ya Kiarabu. Bima na hundi, maneno ya mtu anayemwaminia mwenzake mali inayovuka bahari, yalitoka Bara Hindi. Meza, bendera na leso ni ya Kireno. Leso kwa Kireno ni kitambaa cha mkononi tu. Inasimuliwa kwamba wanawake wa mwambao walivishona vitambaa hivyo pamoja hadi vikawa vazi, na Mombasa ikabaki na jina lile la kwanza. Kuchukua kitambaa cha kufutia jasho ukakifanya vazi lenye kusema si kazi ya mtu mvivu wa akili.

Hata ushairi ulifaidika. Muyaka bin Haji, aliyeishi Mombasa mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19, enzi za watawala wa Kimazrui, anakumbukwa kwa kuutoa ushairi kwenye mada za dini pekee na kuuleta sokoni na barazani: siasa, mapenzi, njaa, majibizano. Shairi la aina hiyo linahitaji wasikilizaji wanaokaa. Baraza ilikuwa ukumbi wake.

Tusiipambe

Hapa ni lazima tuwe wakweli, maana makala za utamaduni zina tabia ya kupaka rangi. Majahazi yaleyale yaliyoleta tende yalibeba pia watu waliofungwa. Mashamba ya mwambao katika karne ya 19 yalilimwa na watumwa, na starehe ya baadhi ya nyumba kubwa ilitoka mgongoni mwao. Ng'ambo ya kisiwa, upande wa kaskazini, kuna Frere Town, makazi ya watumwa walioachwa huru yaliyoanzishwa na wamishonari wa Kiingereza mwaka 1875. Kengele yao bado ipo, na ndiyo iliyopa mahali pale jina la Kengeleni ambalo makondakta wa matatu hulitaja kila siku. Utumwa ulikuja kufutwa kisheria katika Pwani ya Kenya mwaka 1907 tu.

Wala amani haikuwa ya kudumu. Jina la zamani la mji ni Mvita. Mapokeo yanamtaja Shehe Mvita kama mwanzilishi baada ya malkia Mwana Mkisi, lakini sikio la Mswahili husikia "vita" ndani yake, na si bila sababu. Wareno waliupora na kuuchoma mji mwaka 1505, wakarudi tena na tena. Mwaka 1593 wakaanza kujenga Ngome ya Yesu, iliyochorwa na Mtaliano Giovanni Battista Cairati, pale kwenye mlango wa bandari ya Mji wa Kale. Itazame ilipo, utaelewa ilitaka nini: chombo hakiwezi kuingia kungoja bila kupita mbele ya mizinga na kulipa ushuru. Mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hasan, aliyelelewa na Wareno wenyewe, aliwageuka na kuitwaa. Waomani waliizingira kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698. Chini ya Waingereza ikawa jela, kuanzia 1895 hadi 1958. Neno gereza lenyewe lilitokana na neno la Kireno la kanisa, lililokuwemo ndani ya ngome. Yaani neno lilianza na sala likaishia na pingu.

Lakini angalia: watawala wote hao waligombania kitu kimoja, haki ya kumtoza anayengoja. Kungoja kwenyewe hakuna aliyekugusa. Hilo lilikuja kubadilishwa na mvuke.

Kutoka Mji wa Kale hadi Kilindini

Kisiwa cha Mombasa kina bandari mbili. Ya mashariki, ya Mji wa Kale, inafaa majahazi. Ya magharibi inaitwa Kilindini, na jina linajieleza: penye kilindi, maji ya kina kirefu. Jahazi halikuhitaji kina hicho. Meli ya mvuke ilikihitaji.

Reli ya Uganda ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Zaidi ya vibarua 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kuijenga. Mwaka 1905 makao makuu ya serikali yakahamishwa Nairobi. Mwaka 1926 magati ya kwanza ya maji makuu yakakamilika Kilindini. Ndani ya miaka 30 mji uligeuziwa mgongo. Mbele yake ilikuwa Mji wa Kale. Sasa mbele ni Kilindini, na Mji wa Kale ukawa nyuma ya nyumba.

Mabadiliko yenyewe yalikuwa ya muda. Meli ya mvuke haingoji kaskazi wala kusi. Inashusha, inapakia, inaondoka. Baharia wake hapati nafasi ya kujifunza Kimvita wala kuposa. Mzigo nao haupitii kwa dalali wa barazani. Unapanda behewa na kwenda bara. Majahazi yaliendelea kuja kwa miongo mingi, ila pesa kubwa ilikuwa imehama.

Hata lugha ilihamishwa. Mwaka 1928 mkutano wa kuchagua lahaja ya kusanifisha Kiswahili ulifanyika hapahapa Mombasa, na lahaja iliyochaguliwa ikawa Kiunguja. Kimvita, lahaja ya Muyaka, kikabaki cha nyumbani. Sisemi uamuzi ulikuwa mbaya. Tunaandikiana kwa Kiswahili hicho sasa hivi. Nasema mji ulikuwa mwenyeji wa kikao kilichoamua kwamba lugha yake haitakuwa kipimo.

Kibarua, na ilikotoka lawama ya uvivu

Sasa turudi kwenye ule mzaha. Bandari ya Kilindini ilihitaji makuli, na walipatikana kwa mtindo wa kibarua. Neno hili ni "barua ndogo": kile cheti alichopewa mfanyakazi wa siku. Mtu anafika asubuhi, meli ikiwepo anafanya kazi, jioni analipwa. Kesho akitaka anarudi, asipotaka anakwenda shambani au kuvua.

Wafanyakazi wengi waliupenda mtindo huo, na walikuwa na sababu. Mshahara wa kila mwezi ulikuwa mdogo usiotosha kulea familia mjini, wakati siku kadhaa za bandarini pamoja na shamba la mihogo zilitosha kuishi. Mwanahistoria Frederick Cooper, aliyeandika kitabu kizima kuhusu wafanyakazi wa bandari ya Mombasa, anaonyesha jinsi maofisa wa kikoloni walivyouchukia uhuru huo. Katika ripoti zao, mtu aliyefanya kazi siku chache kwa mwezi alikuwa mvivu na hatari. Hawakuuliza siku zile nyingine alikuwa wapi.

Umeona? Ule mzaha wa bwenini una babu yake, na babu huyo alivaa kofia ya mkoloni.

Na hao "wavivu" walifanya nini? Januari 1947 maelfu yao, makuli, wafanyakazi wa reli, watumishi wa mahoteli na wa majumbani, waligoma kwa pamoja, mji ukasimama. Walikutana kwenye uwanja walioubatiza Kiwanja cha Maskini. Chege Kibachia akawa kiongozi wa shirikisho lao. Agosti mwaka uleule alikamatwa, akapelekwa kizuizini Baringo. Mwaka 1955 makuli waligoma tena. Mishahara ilipanda, kazi ya bandari ikaanza kuwa ajira ya kudumu na vyama vikatambuliwa. Watu waliojua kungoja walijua pia kusimama.

Kontena hailali Mombasa

Sura ya mwisho tumeiona wenyewe. Zamani meli ya shehena ilishushwa gunia kwa gunia, kwa siku nyingi na mikono mingi. Kontena ilibadilisha hilo: kreni moja na watu wachache, sanduku linatoka melini hadi kwenye trela bila mtu kuona kilichomo. Hata hivyo kulibaki kazi pembeni. Mawakala wa forodha, maghala, madereva, mekanika, mama wa mahamri na chai ya saa 11 alfajiri kule Changamwe, wote waliishi kwa sababu kontena ilikaa kidogo kabla ya kuondoka.

Reli mpya ya SGR ilifunguliwa mwaka 2017, na mwaka 2019 ikafika Naivasha. Mwaka huohuo serikali ikaagiza kwamba makontena yanayoingia nchini yapakiwe kwenye reli na kukaguliwa bara. Mombasa iliandamana. Novemba 2020 Mahakama Kuu iliamua kwamba agizo hilo lilikiuka katiba, na Septemba 2022 serikali mpya ikatangaza kurudisha kazi za kutoa mizigo Mombasa.

Watu wa bara wengine walishangaa: kwani reli si maendeleo? Ukitumia kipimo chetu, jibu liko wazi. Watu hawakuandamana kupinga treni. Waliona kungoja kukihamishwa. Mahali mzigo unapokaa ndipo panapoota hoteli, gereji, benki, ghala na kazi ya mhitimu kama wewe. Mzigo ukipita bila kukaa, mji unabaki na moshi na mlio wa honi.

Yule mwenye duka Kampala au mwenye kiwanda Thika ana haki ya kutaka mzigo wake mapema, na kila siku ya ziada bandarini inamgharimu. Hakuna anayeweza kudai kwamba meli zikae miezi kwa ajili ya utamaduni. Swali la kisiasa na la kitaaluma ni lile lile tangu enzi za nahodha: mlango ukiwa wa haraka, mwenye mlango anabaki na nini? Miji mingine ya bandari duniani hujibu kwa viwanda vinavyotumia malighafi inayoshuka, kwa kutengeneza meli, kwa vyuo vya ubaharia, kwa ofisi za bima na sheria za bahari. Maneno bima, hundi na nahodha tunayo tayari kwa karne nyingi. Kazi zake ndizo zimetutoka.

Kwa hiyo komredi akikutania tena kuhusu baraza, usinune. Mwambie baraza ilikuwa soko la mitaji, mahakama, chumba cha habari na shule ya lugha, kwa gharama ya sinia la kahawa. Kisha mkumbushe methali: mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Anayezungukazunguka ufukoni maji yakiwa yamekupwa huonekana hana kazi. Jioni ndiye mwenye kitoweo.

Zoezi la kujisomea

1. Chagua majina 5 ya mahali Mombasa, kwa mfano Kilindini, Kengeleni, Makupa, Changamwe na Majengo. Waulize wazee asili ya kila moja, linganisha masimulizi, na uandike wapi yanagongana.

2. Tembea kutoka Ngome ya Yesu hadi Kilindini kwa miguu. Andika biashara unazoziona kwa mpangilio. Ni zipi zinamtegemea mtu anayengoja, na zipi zinamtegemea anayepita?

3. Mhoji mfanyakazi mmoja wa bandari au wa ghala aliyefanya kazi kabla ya 2017. Usimuulize "mambo yalikuwaje". Muulize mzigo ulikaa siku ngapi, na nani alilipwa katika siku hizo.

4. Mjadala wa darasa: je, mji wa bandari una haki ya kupata fungu maalumu kutokana na shehena inayopita kwake? Kundi la Pwani lipinge, kundi la bara liunge mkono. Mkibadilishana viti ndipo mtajua nani amesoma na nani amekariri.